Mize Fundi na Laptopu ya Sultani Badru

Palikuwa na sultani mmoja wa mji wa Shungi, jina lake Badru, aliyetaka laptopu yake kuukuu iwe mpya bila kuacha kuwa ileile. Msicheke mapema, waungwana. Shungi ya enzi zake ilikuwa na umeme, mtandao, na Sultani mwenye muda mwingi wa kupoteza. Kila alasiri alifungua gemu la mbio za magari akashindana kwa mtandao na Liwali wa Kidanga, mji wa jirani. Kila alasiri alishindwa. Na kila aliposhindwa, kosa lilikuwa la laptopu.

Laptopu nayo, tuseme kweli, ilikuwa na yake. Nzito kama jiwe la kusagia, na mbio zikipamba moto picha zilikwamakwama, kisha kioo kinakuwa cheusi tii. Waziri Mwinyi Shaha, mtu wa kuitikia kabla hajaitwa, akamnong'oneza bwana wake kwamba ugonjwa ni kadi ya grafiksi, ile inayochora picha. Ing'olewe, iwekwe mpya, Liwali atajuta kuzaliwa.

Sultani akaita mafundi. Wa kwanza alitazama, akasema haiwezekani. Akafukuzwa mjini na mabegi yake. Wa pili akasema vivyo hivyo, akamfuata mwenziwe. Hapo ikatoka amri: atakayetamka "haiwezekani" mbele ya Sultani, ahame Shungi kabla jua halijazama.

Ndipo akaitwa Mize binti Faki.

Mize alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta nyuma ya soko la kuku. Alikuwa pia na mama mzee ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kizingitini, kwa hiyo kuhama kwake hakukuwa jambo la mzaha. Na alikuwa na ulimi. Wateja walimpenda kwa mikono yake, wakamwogopa kwa maneno yake.

Akaifungua laptopu mbele ya baraza. Feni ilikuwa imezibwa kwa vumbi, masizi ya udi na makombo ya halua. Akapuliza, akasugua, akapaka dawa mpya ya kupozea, akaweka toleo jipya la programu inayoiendesha kadi. Kisha akacheza mwenyewe. Gari likateleza mzunguko mzima, picha hazikukwama, kioo hakikuzimika. Baraza likapiga makofi.

Sultani akaichukua. Kona ya kwanza, akaingia ukutani. Akarudia, akaingia baharini.

"Umeona?" akasema. "Kadi imechoka. Weka mpya."

Mize akaeleza kwa upole. Katika laptopu hii kadi haikuchomekwa tu, imechomelewa kwa risasi kwenye mazabodi, ule ubao mkuu ulioshika kila kitu, na ukiing'oa umeua mashine. Zipo laptopu zenye tundu la kuunganishia kadi ya nje, lakini hii tundu hilo haina. Alieleza yote hayo akilikwepa lile neno kama mtu mwenye viatu vipya anavyokwepa dimbwi.

Sultani akainama mbele, akimsubiri ateleze. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naomba kibali cha kufanya mazoezi kwanza, Maulana."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kung'oa kitu kilichoota mahali pake na kupandikiza kingine. Kadi ndiyo jicho la mashine. Basi nianze na jicho la Mheshimiwa Waziri. Nitoe hilo kuukuu, niweke la mwewe. Nikifaulu, naingia kwenye laptopu."

Sultani akamgeukia Waziri, akamtazama kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Mwewe huona mbali," akasema.

"Ataona hadi Kidanga," Mize akajibu, akatoa bisibisi na kuanza kuifuta kwa ncha ya kanga.

"Haiwezekani, Maulana," Waziri akasema.

Baraza zima likamgeukia. Waziri akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikwisha toka.

Mize akatazama dirishani. "Jua bado liko juu," akasema. "Akianza sasa, atawahi kufunga mizigo."

Sultani akakuna kidevu. Waziri ndiye aliyejua funguo zote za jumba. Ndiye aliyekumbuka majina ya wake za mabalozi. Bila yeye Sultani asingepata hata kilemba chake asubuhi. Akaifuta amri palepale, kwa Waziri na kwa kila mtu, na tarishi akatumwa kuwarudisha wale mafundi wawili kwao.

Lakini ilimuuma. Hakuzoea kumeza maneno yake, tena mbele ya watu, tena kwa sababu ya mwanamke wa nyuma ya soko la kuku. Akajinyoosha kitini.

"Umemshinda Waziri," akasema, "mimi bado. Sitaki tena habari za macho na mwewe. Nataka kumshinda Liwali. Nakupa neno langu mbele ya baraza hili: sema kweli, nawe hutahama wala hutaguswa. Umeifungua hii laptopu, umeona ndani, umeona nje, umeniona nikicheza. Kuna kitu gani hapa kinachoweza kubadilishwa ili nishinde?"

Mize akairudisha bisibisi mfukoni, akaufunga mkoba wake, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Dereva, Maulana."