Kitambaa Kisicho na Doa

Hebu zima simu dakika tano, ndugu yangu, usikie habari za mama mmoja mwenye duka la vitambaa.

Mama huyu aliagiza vitambaa vya India vya kuchapwa kwa mkono. Fundi wa huko anachovya muhuri wa mbao kwenye rangi, anagonga, anainua, anagonga tena. Mlangoni mwa duka mama ameandika kwa herufi kubwa: KAZI YA MIKONO, MALIPO YA HAKI. Na kweli, fundi alilipwa vizuri, tena mapema. Shida ya mama ilikuwa moja: hakumwamini mtu. Si mpiga pasi, si mteja, si mlinzi. Na huyo fundi ndiye aliyemkosesha usingizi kabisa, kwa sababu yuko mbali. Mtu aliye mbali, mama aliwaza, lazima ananicheka.

Basi kila mzigo ukifika anajifungia na lenzi. Hapa ua limepanda juu ya ua jingine. Hapa kuna alama ya kidole gumba, ya buluu. Nimeibiwa! Akampigia fundi, mzee aliyewahi kuishi Mombasa na Kiswahili kikamganda.

"Mzee, nakulipa vizuri, halafu unanitumia reject?"

"Mama, hapo ndipo mkono ulipoinuka. Mkono si chuma."

"Usiniletee story! Kazi unawapa wanagenzi, mimi najua. Vyenye doa vyote vinarudi."

Vikarudi. Mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Mzigo wa sita ukaja umenyooka kama daftari jipya. Ua sawa na ua, hakuna kidole, hakuna tone. Mama akatembeza lenzi siku nzima, akakosa pa kulalamika.

"Sasa wamejua mimi si fala," akasema, akavijaza kwenye rafu.

Akaja bibi mmoja mshonaji, mteja wake tangu duka linafunguliwa. Akapapasa kitambaa, akakigeuza. Nyuma kweupe, rangi haikupenya.

"We mwanangu, hiki cha mashine. Umeanza lini kutudanganya?"

Hakungoja jibu. Alisimama mlangoni akalisoma lile bango kwa sauti, neno moja moja, barabara nzima isikie.

Mama akampigia mzee. "Mwizi wewe! Nilijua tu!"

"Mama," mzee akamjibu, "kila kilichokuwa na mkono ulikirudisha. Mihuri nimeitundika ukutani. Nimekununulia ulichokuwa unataka."

Mnacheka? Mnamcheka nani?

Kijana anakuja kuomba kazi na degree yake, soli imekwisha, sisi tunatoa lenzi: experience hana, na hii miaka miwili alikuwa wapi? Arudi kwao. Anakuja mwingine ana umri wa miaka ishirini na mitatu na experience ya miaka kumi, karatasi zinang'aa, tunampa kiti. Kuzigeuza nyuma? Hatuna time.

Na humu kanisani je? Nani atasimama aseme "nimeanguka", akijua tumemkalia na lenzi? Ndiyo maana shuhuda zetu ni tamu hivi, Jumapili hadi Jumapili, hazina hata alama ya kidole.

Mtazame aliye kushoto kwako. Amenyooka sana, sivyo? Sasa jiulize: alipokuja na doa lake, ni nani kati yetu aliyemrudisha?