Njia ya Mgeni Asiyelala

Paukwa!
— Pakawa!
Sogeeni, jamvi linatosha.
— Tumesogea, tupe!

Hapo zamani za kale, mwaka ambao mtama ulikauka shambani, watu wa kijiji kimoja walijenga nyumba katikati ya njia.

Njia yenyewe ilikuwa pana, pana, pana. Ilianza kilimani, ikapita kijijini, ikaishia kwenye mikoko. Aliyeiacha wazi ni Bi Kidawa, mpimaji wa viwanja. Hakuna aliyejenga kabla Bi Kidawa hajavuta kamba yake. Alipoulizwa njia ile ni ya nani, alijibu, "Ya mgeni." Basi kila mwaka watu waliifagia, fya, fya, fya. Wakamngoja mgeni. Mgeni hakuja. Waliokuwa watoto wakaota mvi.

Ndipo Jumbe Mbaruku, mkuu wa kijiji, aliposema, "Aibu hii! Mgeni akija atalala wapi?"

Wakamjengea nyumba humo humo njiani. Kuitunza akapewa Tima, mjukuu wa Bi Kidawa, aliyekuwa anaolewa na hakuwa na pa kukaa. Tima alizipaka kuta chokaa kwa mikono yake. Siku ya kuhamia, Bi Kidawa akaja, kamba begani.

"Bibi, umekuja kunibariki?"

"Nimekuja kukuhamisha, mke mwenzangu. Mgeni huyu halali. Hupita tu."

"Ni nani huyo?"

"Hana kichwa, ana miguu mingi. Akija hapigi hodi. Utasikia shwaa."

Jumbe akacheka. "Bibi, hiyo ni ndoto."

"Ndoto, ndiyo. Nilimwota nikiwa mwari. Nilipoamka, mkeka unaelea."

Watu wakaangua kicheko. Bi Kidawa akaketi kizingitini. "Basi mtunzaji ni mimi. Nyumba yangu ya kule juu kilimani chukueni, wewe na mumeo. Akija, anikute mimi."

Tima alizitazama kuta zake nyeupe. Akamtazama bibi yake. Kule kilimani wingu lilikuwa limekaa, halisogei. Hewa ilinukia udongo. Akaung'oa mlango, akajitwika.

"Inuka, bibi. Tunakwenda wote."

"Bibi harusi kabeba mlango!" wakapiga kelele wanawake kisimani. "Mume utamfungia wapi?"

Tima akapanda kilima. Bibi nyuma yake, kamba begani.

Alasiri, mgeni akaja. Shwaa, shwaa, shwaa. Alishuka na vinu, na matenga ya kuku, na kiatu kimoja. Hakuingia kwa mtu. Alifuata njia yake kama atembeaye usingizini. Kuta za chokaa zikayeyuka. Paa la makuti likaelea, likaenda likizunguka, likizunguka, mpaka mikokoni. Jumbe Mbaruku alisimama mlangoni kwake, maji yakiramba kizingiti. Akasema taratibu, "Karibu, mgeni. Pita."

Kulipokucha, Jumbe alikwenda kwa Bi Kidawa akashika ncha ya pili ya kamba. Wakampimia Tima kiwanja huko juu. Mlango ukapata nyumba.

Basi ndugu zangu, mnaopanga miji, yaachieni maji njia yake, hata miaka ambayo hayaji.

Bi Kidawa alipofariki, kijiji kizima kilimsindikiza. Njia iliyowatosha wote ilikuwa ile.

Hadithi yangu imetua hapo.