Joho la Paluka

"Jina la mtumba hufuliwa kabla ya kuvaliwa." Mmeisikia leo kwa mabondia wa Ngamiani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na iliyoizaa ni aibu yangu mimi.

Nilikuwa nikimfundisha ngumi Chande, fundi seremala. Wiki ya pambano lake la kwanza la ukumbini, nikaokota kwenye marobota ya mitumba joho jekundu la bondia. Mgongoni limeandikwa PALOOKA.

"Maana yake nini, kocha?" akauliza.

Shule niliishia darasa la tano. Sikujua. Lakini kocha atasemaje hajui? Nikamjibu, "Kimarekani cha zamani hicho. Paluka ni mtu asiyeangushwa."

Akafurahi mno. Akawaambia wakwe zake watarajiwa waje wamwone. Mabango yakaandikwa "Chande Paluka".

Siku ya pambano mtangazaji alikuwa Mwalimu Sengasu, aliyefundisha Kiingereza miaka mingi. Akalisoma lile joho, akakunja uso.

"Mwanangu, nani kakupa jina hili?"

"Kocha."

"Hili ni neno la mitaani la Wamarekani wa zamani. Lilikotoka, hata wenyewe hawana hakika. Maana yake wanaijua: bondia goigoi, wa kupigwa na kila mtu."

Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. Ukumbi ukalipuka.

"Goigoi! Mleteni Goigoi tumwone!"

Wakwe walikuwa safu ya pili. Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio.

Chande akanigeukia. "Kocha, ulijua?"

"Sikujua."

"Mbona uliniambia unajua?"

Nikajifanya nakaza kamba za glavu zake, nazo zilikuwa zimekazwa zamani.

Akavua joho, akanitupia begani. "Shati la mtumba tu, mama hulifua kabla sijalivaa, maana hatujui lilikotoka. Wewe umenivika jina na uchafu wake."

Alipigana raundi zote, akashindwa kwa pointi. Hakuniaga. Siku hizi anafundishwa kwingine. Mtaani bado wanamwita Goigoi, na mimi bado wananiita Kocha. Hilo ndilo linaloniuma. Kosa langu, kalibeba yeye.

Kwa hiyo mkiniletea neno nisilolijua, nitasema sijui, nanyi nendeni mkamuulize anayejua. Jina la mtumba hufuliwa kabla ya kuvaliwa.