Ngiri Ashika Kifimbo

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mna ugali mdomoni? Paukwa!

Pakawa!

Ehe, sasa nimejua mko hai.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kuliko sisi, alikuwako Jumbe Tembo, mwenye ngoma kubwa uani kwake. Mpigaji mkuu alikuwa Nyani. Wachukuzi walikuwa wawili: Ngiri alibeba ngoma mpaka manyoya ya mgongo yakanyonyoka, na Kanga, kwa udogo wake, alibeba vifimbo, tena akihema.

Nyani akazeeka, vidole vikakakamaa. Jumbe akatangaza kuwa anataka mpigaji mwingine. Na mpigaji mkuu, jamani, hali makombo. Anakula mkeka mmoja na Jumbe, wali wa nazi unamngoja. Ngiri aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukamhama. Ila kuiomba? Thubutu.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "si uende kwa Nyani ukajifunze?"

"Ya nini? Mgongo wangu hawauoni? Mimi nimo, watanichagua tu."

Asubuhi, katika kupita kwake, akamwona Kanga kwa Nyani, anajifunza ngoma ya harusi. Kitu kikamchoma kifuani. "Kanajipendekeza kale. Mimi nimo, watanichagua tu."

Kesho yake Kanga akajifunza ngoma ya msiba. Ngiri alijificha kichakani, kichwa ndani, makalio nje. "Mimi nimo," akanung'unika, "watanichagua tu."

Kanga alipofika kwenye ngoma ya vita, Ngiri hali wala hanywi. Akamchukia mpaka madoa yake. Nani kamruhusu kuwa na madoa mengi hivyo?

Siku ya kuchagua ikafika. Desturi ya pale ilikuwa hivi: mtumishi hushika kifimbo mbele ya Jumbe, akasema lake. Akishakiweka chini, hasemi tena.

Ngiri akawapiga wenzake vikumbo, akakishika wa kwanza.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kukufumbua macho. Huyu Kanga anajipendekeza. Sisi tumelala, yeye yuko kwa Nyani. Ngoma ya harusi kajifunza. Ya msiba kajifunza. Hata ya vita kajifunza, na hakosei."

Jumbe akatandaza masikio. "Hakosei?"

"Hata pigo moja," Ngiri akasema kwa uchungu. "Nimemchunguza kwa macho yangu haya." Akakibwaga kifimbo chini kama aliyeshinda kesi.

"Nimekusikia," akasema Jumbe. "Na wewe mwenyewe unaijua ipi?"

Ngiri akafungua kinywa. Nyani akamwonyesha kifimbo pale chini. Ngiri akafunga kinywa.

Wewe kule nyuma, usicheke. Nakufahamu.

Kanga akakiokota. "Jumbe wangu, Ngiri kanimalizia maneno yote. Mimi naongeza moja: kazi hii naitaka." Akapiga ya harusi, akapiga ya msiba, akapiga ya vita. Kazi akapewa papo hapo.

Jioni Kanga akakaa mkekani. Ngiri alichungulia uani, wali unanukia, tumbo linamtukana. Akarudi nyumbani. Mkewe hakumuuliza kitu, maana mume huyo alimjua.

Kulipokucha akapiga hodi kwa Kanga.

"Karibu, bwana. Umekuja kunichunguza tena?"

"Nimekuja unifundishe. Kijijini ng'ambo nako wanatafuta mpigaji, nataka nikaombe mwenyewe." Akainamisha kichwa. "Na nisikufiche, Bibi Kanga. Wivu bado unaniwasha."

"Uache uwashe. Mimi kwato zako ndizo ninazozitaka hapa. Piga."

Ngiri akapiga. Ngoma ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Kanga hakucheka. Alitaka, lakini hakucheka.

"Tena," akasema.

Ngiri akakunja uso, akapiga tena.

Ngano yangu inakomea papo hapo. Anayetaka ndefu zaidi, na aongeze kuni.