Jeshi la Udongo la Kalunguyeye

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa wapi?"
"Huko uendako!"
"Niende peke yangu?"
"Twende sote!"

Haya, twendeni. Alikuwako Kalunguyeye, mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni. Tangu utotoni alikuwa na mchezo mmoja tu: vita. Alifinyanga askari wa udongo, akawapanga majeshi mawili kichakani, akawapiganisha. Hawa wanapita bondeni, wale wanavizia kilimani. Wenzake wakaoa, yeye anacheza. Wenzake wakapata wajukuu, yeye anacheza.

"Mtu mzima na vidongo!" wakamcheka.

Ukaja mwaka wa njaa. Kalunguyeye hakuwa na shamba wala ghala, akabeba visanamu vyake mpaka gulioni. Paa akataka askari mmoja. Ngiri akataka watatu, tena wenye pembe! Kalunguyeye akafinyanga, pwata-pwata, akachoma, akapaka rangi, akapewa mtama. Mchezo ukawa kazi, kazi ikamlisha yeye na dada yake, Mama Ndago.

Fisi, jumbe wa fisi arobaini, akasikia. Akaja, kru, kru, kru.

"Kalunguyeye, nasikia unauza majeshi."

"Ni vidongo tu, bwana mkubwa."

"Basi leo ni vyangu."

"Na sisi tutakula nini?" akauliza Mama Ndago.

Fisi akamla. Kap! Akatema miiba miwili mitatu, akajipangusa mdomo. "Kesho unifundishe kuwashinda Nyati. Nataka ndama wao wote. Ukikataa, unamfuata dada yako."

Kalunguyeye hakulia mbele yake. Aliiokota ile miiba, akaizika.

Asubuhi akamwaga mchanga, akajenga kilima, akachimba kisima na korongo, akapanga askari. Fisi akapitisha jeshi lake kilimani, akashindwa. Akalipitisha kisimani, akashindwa. Akalipitisha korongoni, akashinda!

"Tena!" Korongoni, akashinda. "Tena!" Korongoni, akashinda.

"Na korongo lenyewe likoje?" akauliza Fisi.

"Kavu, bwana mkubwa. Mimi napita kila siku kuchota udongo."

Fisi akacheka mpaka mate yakamdondoka. Hakwenda kutazama. Akakusanya ukoo wake, akawatanguliza vijana, wakashuka korongoni mbio, vru-vru-vru!

Ganda la juu likapasuka. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Matope hadi shingoni. Waliokuwa nyuma wakawakanyaga wa mbele, nao wakazama. Nyati wakaja wakasimama ukingoni. Hawakupiga pembe hata moja. Walitazama tu.

"Kalunguyeye!" Fisi akalia. "Ulisema ni kavu!"

"Kwangu ni kavu, bwana mkubwa. Mimi sikula dada wa mtu nikawa mzito."

Matope yakamfunga Fisi mdomo. Lakini Kalunguyeye hakuondoka. Alikuwa amemtegea mmoja, na sasa aliwasikia vijana wakiita mama zao. Katika mchezo, askari akianguka unamwinua, mnaanza upya. Hapa hakuinuka mtu. Sauti zikapungua, zikapungua, pakawa kimya.

Wiki ile biashara ikafura. Kila mnyama alitaka Vita vya Korongo nyumbani kwake: fisi arobaini, nyati kumi, na matope. Kalunguyeye akafinyanga, pwata-pwata, mtama ukajaa hadi mlangoni.

Siku moja akaja fisi jike, amekonda, peke yake. Kalunguyeye akasimamisha miiba. Yule mama akaketi mbali.

"Nifinyangie mwanangu," akasema. "Sikio lake la kushoto lilikuwa limepinda."

"Amesimama au anakimbia?"

"Amelala. Alikuwa akipenda kulala."

Kalunguyeye akafinyanga kutwa nzima. Mwili akauweza, miguu akaiweza. Lile sikio likamshinda. Kila akilipinda, lilikatika.

Basi watoto, funzo ni hili: michezo haina faida, na udongo unachafua nguo. Na mkubwa akikuuliza njia, mwelekeze kwa adabu.

Ngano yangu imekaukia hapo. Mwenye maji na ailoweshe.