Nyanzobe na Jiwe la Mlangoni

Wapakateni watoto wenu, enyi Wasengwa, wote, hata wale wakubwa wanaoona haya, maana habari hii haisikilizwi kwa mikono mitupu.

Zamani zile miamba ya Isengwa ilipokuwa bado ina joto la kuumbwa, nasi hatujawa kabila, tu watu wa Mtemi Igulu tu, alizaliwa Nyanzobe binti Lubigisa, mjukuu wa Masunzu mfua chuma. Nyanzobe mvunja mipini, Nyanzobe aliyemtoa fahali kisimani kwa kumshika pembe, mwanamke aliyelima shamba la wanaume sita na kurudi nyumbani akiimba. Nguvu zote hizo, na bado aliishi kwa hofu. Mtoto wake mmoja, Limi, wa masika matatu, mwepesi wa kucheka, alikuwa na miguu laini ambayo haikumsimamisha.

Na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kila mwaka palizi ilipoanza, kina mama wote waliitwa shamba la mtemi siku saba mfululizo, watoto wakaachwa katika Ua wa Walezi, wenye uzio wa miiba mirefu, chungu kimoja cha uji na wanawake kumi wenye marungu. Mlangoni palikuwa na jiwe jeusi, kimo cha goti. Mtoto aliyelipanda na kulishuka kwa miguu yake alihesabiwa. Aliyebebwa hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa alibaki nje ya miiba, zizini pamoja na mbuzi, na kibuyu cha maji. Na fisi walikuwa wameshaizoea njia ya zizi. Mwaka uliopita mama mmoja alirudi kutoka palizi akakuta shanga za kiunoni za mwanawe mchangani, zimelala duara, nzima, kama zilizovuliwa kwa upole.

Misimu miwili Nyanzobe alipalilia na Limi mgongoni. Msimu wa tatu mtemi akakataza, akasema mgongo uliobeba hauinami sawasawa.

Basi asubuhi ya palizi Nyanzobe akasimama mlangoni pa Ua, Limi kifuani, na juu ya mwamba, mchana kweupe, fisi watatu wamelala wanatazama, wakifukuzwa hawaendi.

“Mama Limi, usinitazame hivyo,” alisema Bibi Ngolo, mkuu wa walezi. “Mimi sina neno na mtoto wako. Ni jiwe.”

“Kama ni jiwe, bibi, basi nitasema nalo.”

Wanawake wakacheka. “Haya, mvunja mipini! Likikujibu utuite!”

Mtemi Igulu hakucheka. Alisogea na fimbo yake, akatamka watu wote wakisikia: “Babu zetu waliifungia njaa ndani ya jiwe hilo. Limelala hapo, na njaa imelala. Atakayelinyanyua ajue kwamba popote litakapotua, njaa itaamka na kula waliopo, kisha ienee nchi nzima. Uliache, binti Lubigisa. Mtoto mmoja si watu.”

Nyanzobe alimsikia. Alimwamini pia, kila neno. Lakini akazikumbuka shanga zile mchangani, akamketisha Limi chini, akainama.

Jiwe liling'oka kwa mlio uliowanyamazisha mbuzi. Chini yake hapakuwa na kitu, udongo mkavu tu na minyoo. Akaliinua hadi kifuani, na papo hapo tumbo lake likaingia ndani, mashavu yakabonyea, na watu wakajua kwamba mtemi hakusema uongo.

Hapo ndipo Nyanzobe alipoelewa alichofanya. Mikono yake ilikuwa imejaa. Asingeweza kulitua karibu na mtu, na asingeweza kumbeba mwanawe tena. Limi alimnyooshea mikono, kama kila siku.

“Nani atambeba?” aliuliza Nyanzobe, na sauti yake haikuwa kubwa.

Hakuna aliyesogea. Fisi wakasimama juu ya mwamba. Ndipo Bibi Ngolo akalitupa rungu lake, akamwinua Limi, akapita naye pale jiwe lilipokuwa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, “Amehesabiwa.”

Nyanzobe akageuka, akaenda. Akapita shamba la mtemi, akapita mbuga, jiwe kifuani, anakonda kwa kila hatua, fisi wakamfuata kwa mbali hadi nchi ya chumvi isiyo na watu wala majani. Hawakurudi, wala yeye hakurudi. Na kwa kuwa njaa haijatufikia hadi leo, twajua hajalitua.

Ndiyo maana nyumba ya Msengwa haina kizingiti, na mvua ikiingia tunaifagia bila kunung'unika. Na siku ya kwanza ya palizi, mbele ya mlango wa Ua, hakuna mtoto anayeingia kwa miguu yake, awe anatambaa, awe anakimbia kuliko swala. Wote wanabebwa, mmoja mmoja, na mlezi anasema: amehesabiwa. Naye mama, kabla hajashika jembe, hutazama upande wa nchi ya chumvi, akanyoosha mikono yake mitupu.