Tanuri Zima kwa Nje

Wanangu wa jumuiya, leo nawapa kisa cha mchoma mkaa mmoja, stadi hasa. Akishapanga magogo na kuyafukia kwa majani na udongo, kutwa anazunguka tanuri akitazama moshi. Pakitokea ufa, anauziba kwa udongo mbichi. Kwa nini? Hewa ile ile inayoupa moto uhai, ikizidi, inakula mkaa kwa ndani. Nje unaona tanuri zima. Ndani jivu tupu.

Aliyemfundisha kazi ni mama yake. "Tanuri halikanyagwi, mwanangu. Zunguka. Hujui ndani kumebaki nini."

Mama akazeeka. Akaanza kutia chumvi kwenye chai. Akawa anamwita mkwewe, mke wa mwanawe, kwa jina la dada yake marehemu. Yule mke akamwambia mumewe, "Baba watoto, mama hayuko sawa. Jana kapotea njia ya kisimani. Tumpeleke hospitali."

Mume akacheka. "Uzee tu huo, na ukaidi wake. Siku nikiona moshi unamtoka kichwani, nitampeleka. Mwache aniletee uji porini, atachangamka."

"Haya. Wewe nyufa unaziona za udongo tu."

Mchana mmoja mama akatokea na kibuyu cha uji. Mwanawe alikuwa ng'ambo ya tanuri, anakata majani. "Mama, zunguka."

Mama akamtazama kwa upole, kama mtu anayesemeshwa na mgeni. "Nizunguke nini, baba?"

Akakanyaga. Udongo ukafunguka, akazama motoni. Kibuyu kilibaki nje, uji haujapoa.

Nani alimuua, wanangu? Moto peke yake?

Daktari aliyekuja hapa kutueleza habari za wazee alisema ubongo nao unaunguza chakula kwa hewa, ndipo tunafikiri. Cheche za moto huo mwili huzizima. Umri ukienda, kuzima kunalegea, cheche zinaula ubongo polepole. Si hilo pekee, alisema, lakini limo. Na jivu halirudi kuwa gogo.

Na sisi je? Tunasema karogwa. Tunasema anajifanya. Yupo hapa ambaye asubuhi hii mama yake alirudia swali lile lile, akamfokea. Simtaji. Anajijua.

Nyufa nyingine hatutaweza kuziba, nisiwadanganye. Lakini aliyesahau kuzunguka anashikwa mkono, anazungushwa. Yule mwana sauti alikuwa nayo. Mkono ndio ulikuwa mbali.